Hekaya za Wanyama Darasani: Aesop, Punda wa Dobi na Swali la Mwisho

Kila mwaka, wakati wa mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huzunguka katika skuli za msingi za kisiwa hiki cha Pemba, kutoka Konde hadi Mkoani, tukikaa nyuma ya madarasa na kuandika maoni yetu juu ya kazi za walimu wanafunzi. Tumeona masomo mengi mazuri ya hadithi. Tumewaona vijana ambao wakisema "Paukwa!" darasa zima huitika "Pakawa!" kwa sauti inayofika barabarani. Lakini tumeona pia kwamba somo lililoanza hivyo mara nyingi hufa katika dakika tano za mwisho. Mwalimu hufunga kitabu, huugeukia ubao, na kuuliza: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto hujibu kwa pamoja jawabu ambalo wamekwisha kulijua tangu darasa la kwanza: tuwe na bidii, tusiwe na tamaa, tuwatii wakubwa. Jawabu huandikwa ubaoni, hunakiliwa katika madaftari, na kengele hulia.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo la mwisho. Tutafanya hivyo kwa kuziangalia hekaya za wanyama za Wayunani wa kale, ambazo zimeenea katika vitabu vya kusomea vya nchi nyingi, na kwa kuzilinganisha na hekaya moja iliyosimuliwa hapa hapa Zanzibar zaidi ya miaka 150 iliyopita. Rai yetu ni kwamba funzo lililobandikwa mwishoni mwa hekaya halikuwa sehemu ya hekaya hiyo tangu asili, na kwamba mwalimu anayelishika hilo peke yake huwanyima watoto kazi yenyewe ambayo hekaya ilitungwa ili kuifanya.

Aesop, ambaye jina lake hutajwa kila zinapotajwa hekaya hizi, hakuacha kitabu. Herodotus, mwandishi wa historia wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anamtaja kwa maneno machache: kwamba alikuwa mtumwa wa mtu aitwaye Iadmon katika kisiwa cha Samos, na kwamba aliuawa na watu wa Delphi, ambao baadaye walilipa fidia ya damu yake. Mengine yanayosimuliwa, kwamba alikuwa na sura ya kutisha na kwamba mwanzoni alikuwa bubu, ni mambo yaliyoongezwa na vizazi vya nyuma yake. Basi tunachokijua ni kidogo, lakini hicho kidogo si haba: mtu wa kisiwani, mtumwa, mwenye ulimi. Mshairi wa Kirumi Phaedrus, aliyezitunga upya hekaya hizi kwa Kilatini katika karne ya 1 baada ya Kristo, na ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru, alieleza kwamba hekaya za namna hii zilibuniwa kwa sababu mtumwa hakuthubutu kusema wazi lile alilolitaka. Hawezi kumwambia bwana wake, "Wewe ni dhalimu." Humsimulia habari za simba na mbweha, na bwana akicheka, maneno yamekwisha fika.

Hekaya hizo zilizunguka midomoni mwa watu kwa muda mrefu kabla ya kukusanywa. Mkusanyaji wa kwanza anayejulikana ni Demetrius wa Phalerum, mwishoni mwa karne ya 4 kabla ya Kristo, na kitabu chake kimepotea. Wataalamu wengi wanaona kwamba mikusanyo ya mwanzo ilikuwa vitabu vya kutumiwa na wasemaji wa barazani na mahakamani. Mtu aliyetaka kutoa hotuba alipekua kutafuta hekaya inayolingana na shauri lake, na ili kumsaidia, juu ya kila hekaya paliandikwa sentensi moja fupi ya kueleza mahali inapofaa kutumiwa. Ilikuwa mfano wa kibandiko juu ya kopo la viungo, kumwonyesha mpishi kilichomo ndani. Baadaye sentensi hizo zilihamia mwisho wa hekaya, na wasomaji wakazichukua kuwa ndizo kiini chake. Hivyo ndivyo kibandiko kilivyogeuka kuwa chakula.

Tunao mfano mmoja wa jinsi hekaya ilivyotumika ilipokuwa bado hai, nao umehifadhiwa na mwanafalsafa Aristotle katika kitabu chake juu ya sanaa ya kusema. Anasimulia kwamba huko Samos kiongozi mmoja wa watu alishitakiwa kwa kosa lililostahili kifo, na Aesop akasimama kumtetea. Alisema: Mbweha alikuwa akivuka mto, akasombwa na maji na kutumbukia katika korongo. Akashindwa kutoka. Siku nyingi akateseka humo, na kupe wengi wakamng'ang'ania mwilini. Akapita kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba, akamwonea huruma, akamwuliza kama amwondoshee kupe wale. Mbweha akakataa. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba hao waliopo wamekwisha kushiba na sasa wanafyonza damu kidogo tu, lakini wakiondolewa watakuja wengine wenye njaa nao wataimaliza damu iliyobaki. Kisha Aesop akawageukia wasikilizaji wake akawaambia kwamba mtu huyu hatawadhuru tena kwa kuwa amekwisha tajirika, bali mkimwua watakuja wengine walio maskini, na hao watakuibieni mpaka hazina iwe tupu.

Tunamwomba mwalimu mwanafunzi ajaribu kuandika funzo la hekaya hiyo kwa sentensi moja, kama afanyavyo katika andalio la somo. Je, ni "Tukubali taabu tulizozizoea"? Je, ni "Mwizi aliyeshiba asiadhibiwe"? Kila sentensi utakayoiandika utaona haya kuwasomea watoto. Hata hivyo hekaya yenyewe si mbaya. Ina akili nyingi. Ubora wake ni kwamba inamlazimisha msikilizaji afanye kazi ya hukumu: je, ni kweli kwamba kiongozi huyu ni kama kupe aliyeshiba? Je, kupe akishiba huacha kunyonya? Je, hakuna njia ya kumtoa mbweha korongoni? Watu wa Samos walipaswa kuyapima hayo wenyewe. Aesop hakuwapa funzo la kunakili. Aliwapa jambo la kubishania.

Sasa na tuje kwetu. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1864, alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, kwa Kiswahili na Kiingereza. Miongoni mwake imo hadithi ya punda wa dobi, ambayo wengi wetu tuliisikia kwa bibi zetu kabla hatujajua kusoma. Kima aliyekuwa akila matunda ya mkuyu uliosimama kando ya bahari alifanya urafiki na papa, akawa humtupia matunda kila siku. Siku moja papa akamchukua mgongoni ili akamtembeze kwao. Walipofika mbali papa akamweleza ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, kwani kima wanaposafiri huiacha mioyo yao mitini. Papa akarudi naye pwani, na kima akaruka juu ya mkuyu asishuke tena. Papa alipomwita, kima akamjibu kwa kumsimulia hekaya nyingine: ya punda wa dobi.

Katika hiyo, simba mgonjwa anamtuma sungura amletee punda. Sungura anamdanganya punda kwamba anaposwa na simba. Punda anakwenda, simba anamrukia, lakini kwa udhaifu wake anamparura tu, na punda anakimbia. Sungura anamfuata tena na kumshawishi mara ya pili, naye anarudi, na safari hii anauawa. Simba anaagiza apewe moyo na masikio; sungura anavila kwa siri. Anapoulizwa, anasema punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, kwani kama angekuwa navyo asingalirudi mara ya pili. Kima anapomaliza anamwambia papa kwamba yeye si punda wa dobi.

Atakayezisoma hekaya za Kiyunani atamkuta punda huyu, ila amevaa ngozi ya mnyama mwingine. Babrius, aliyezitungia mashairi kwa Kiyunani, anaye simba mgonjwa pangoni, na mbweha anayetumwa kumleta kulungu. Kulungu anaahidiwa ufalme badala ya ndoa. Mara ya kwanza anaparurwa masikio na kukimbia. Mara ya pili anashawishiwa na kuuawa. Mbweha anauiba moyo, na kumwambia simba asiutafute, kwani mnyama aingiaye mara mbili katika nyumba ya simba hawezi kuwa na moyo. Hadithi hii imo pia katika Panchatantra ya Kihindi, na kutoka Bara Hindi ilipita kwa Waajemi ikafika kwa Waarabu katika kitabu cha Kalila wa Dimna, kilichofasiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Bahari yetu hii ya pepo za kaskazi na kusi ilibeba mengi zaidi ya tende na vyombo vya udongo. Kwa hiyo mwalimu wa Pemba anapofungua hekaya za Aesop asidhani anawaletea watoto kitu cha ugenini kabisa. Baadhi yake ni ndugu wa zile zilizokwisha kulala nao mkeka mmoja.

Lakini tunachotaka kionekane zaidi ni namna msimulizi wa Zanzibar alivyoiweka hekaya hiyo. Hakuiachia mwalimu aifafanue. Aliitia katika kinywa cha kima, mtu mwenye sababu ya kuisema, akiwa juu ya mti, akimwambia rafiki aliyetaka kumwua. Tunajua kwa nini hekaya inasemwa, inaambiwa nani, na saa gani. Aesop mbele ya watu wa Samos na kima mbele ya papa wanafanya kazi ile ile. Ukiiondoa hekaya mdomoni mwa kima na kuiandikia chini yake "Tusidanganywe mara mbili", umebaki na maneno ambayo hata papa angeyakubali bila kuona haya.

Madhara ya kulishika funzo na kuwasahau wasikilizaji tuliyaona sisi wenyewe, na tungependa kuyakiri hapa ili wengine wasiyarudie. Katika miaka yetu ya mwanzo ya kufundisha tulipangiwa darasa la tatu katika skuli moja ya shamba. Ulikuwa mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. Na wajuao Pemba wanajua kwamba mikarafuu ina mwaka wa neema na mwaka wa ukavu. Tulifundisha hekaya ya nyenze na sisimizi. Nyenze aliimba kiangazi chote. Ulipofika wakati wa mvua aliwaendea sisimizi, waliokuwa wakianika nafaka yao iliyolowa, akaomba chakula. Wakamwuliza alifanya nini kiangazi. Akasema aliimba. Wakacheka, wakamwambia kama aliimba kiangazi, basi na acheze ngoma sasa. Tuliuliza swali la mwisho, darasa likajibu, "Tufanye kazi kwa bidii," nasi tukaridhika.

Katika darasa lile alikuwamo mtoto aliyekuwa akitumwa mara kwa mara kuomba unga kwa jirani, na mtoto wa jirani huyo aliketi dawati la mbele yake. Tulipotoka nje yule wa mbele alimgeukia mwenziwe akamwambia, mbele ya wote, "Kacheze ngoma." Siku tatu mtoto hakuja skuli. Siku ya nne aliletwa na bibi yake, ambaye alikataa kiti tulichompa, akasema: "Maalim, hadithi ile kaitunga nani? Maana kwetu hapa mtu akija na kibakuli kwanza hutiwa, maswali baadae." Hatukuwa na jawabu. Mama wa mtoto yule alikuwa mchumaji hodari kuliko wengi. Pishi zilipokosekana hazikukosekana kwa uvivu wake.

Laiti tungalisoma zaidi, tungalikuwa na jawabu. Katika mikusanyo ile ile ya Kiyunani imo hekaya nyingine inayosema kwamba sisimizi zamani alikuwa mwanadamu mkulima, asiyetosheka na mazao yake, akiwaibia majirani. Mungu wao Zeus alikasirika akamgeuza mdudu, lakini tabia haikugeuka: hadi leo huzunguka mashambani mwa watu akikusanya kazi ya wengine na kujiwekea akiba. Wayunani, basi, walimjadili sisimizi. Hawakukubaliana kama ni mfano mwema. Na mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake cha malezi Émile, aliandika kwamba watoto wanaosomeshwa hekaya hii katika mashairi ya La Fontaine, yaliyotoka mwaka 1668, hawatajifunza bidii. Watajifunza kumnyima mwombaji na kumdhihaki juu yake. Sisi tuliusoma ukurasa huo miaka mingi baadaye, tukamkumbuka bibi yule aliyesimama mlangoni. Rousseau alihitimisha kwamba hekaya zisifundishwe kwa watoto wadogo kabisa. Hapo hatukubaliani naye. Dawa si kuificha hekaya, ni kuifungulia mlango.

Je, mlango hufunguliwaje katika kipindi kimoja, mbele ya darasa lililojaa? Walimu wa kale wanaweza kutusaidia. Quintilian, mwalimu maarufu wa Roma katika karne ya 1, alitaka watoto wazisimulie hekaya za Aesop kwa maneno yao wenyewe, kwa lugha nyepesi isiyopambwa, kisha waziandike vivyo hivyo. Katika kitabu cha mazoezi cha Aphthonius, cha karne ya 4, hekaya ndilo zoezi la kwanza kati ya mazoezi 14. Mwanafunzi wa zama hizo aliweza kutakiwa kuirefusha hekaya, kuifupisha, au kumtungia mnyama hotuba. Kwa maneno mengine, aliishika kama udongo wa kufinyangia.

Tunapendekeza kwanza kwamba mwalimu aikate hekaya kabla ya mwisho. Nyenze amesimama mlangoni, ameomba. Sisimizi bado hawajajibu. Kila dawati litoe jawabu la sisimizi, na lieleze sababu. Hapa mwalimu atasikia mambo ambayo hakuyatia katika andalio lake, na asiogope kimya cha mwanzo. Watoto waliozoea kuitikia kwa pamoja huchukua muda kuamini kwamba wanaulizwa kweli. Halafu asome mwisho wa Kiyunani, na badala ya kuuliza hekaya inafundisha nini, aulize: "Ni nani angemsimulia mwenziwe hekaya hii, na siku gani?" Swali hili dogo, kwa uzoefu wetu, hufanya kazi kubwa. Mtoto mmoja alisema ingesimuliwa na tajiri aliyeombwa mkopo. Mwingine alisema ingesimuliwa na mama kwa mwanawe anayekimbia kuchambua karafuu. Mtoto wa tatu aliwakumbusha wenziwe sisimizi wa Nabii Suleiman waliyemsoma madrasa, aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao wasikanyagwe na majeshi, akauliza imekuwaje huyu asimjali jirani. Hekaya imekuwa tena chombo mkononi mwa mtu.

Neno juu ya wanyama wenyewe. Simba, mbweha na fisi hawapo Pemba, na mwalimu asipoteze muda mwingi kueleza mbweha ni mnyama gani. Kazi yake katika hekaya watoto wataitambua mara moja, kwani kwetu imekwisha kufanywa na sungura. Vivyo hivyo majira ya baridi ya Wayunani ndiyo majira yao ya mvua, na mwalimu akisema "masika" hajapotosha kitu. Nyenze pia abaki nyenze. Katika Kiingereza aligeuzwa panzi, lakini sisi tunaye nyenze halisi, na mtoto wa Pemba anamsikia miembeni. Watoto wakifikia kutunga za kwao, na wapewe wanyama wanaowajua tabia zao: kima katika shamba la muhogo, komba aliyeonja tembo juu ya mnazi, popo wa Kidike wanaogombania tawi. Wengi wa watoto hao wanawajua wanyama hao kuliko sisi tunaowafundisha.

Tumeulizwa na baadhi ya wanachuo kama njia hii haimwachi mtoto bila malezi, akidhani kila jawabu ni sawa. Sivyo. Mwalimu anayo haki ya kusema rai yake, tena aiseme wazi, lakini aseme baada ya kusikiliza, na atoe sababu kama walivyotoa wao. Kuhusu mtihani, mtoto aliyelipima jambo kwa pande mbili haoni taabu kuandika funzo akitakiwa kuliandika.

Katika mazoezi ya kufundisha ya hivi karibuni tulikaa nyuma ya darasa la nne, na mwalimu mwanafunzi akaifundisha hekaya ile ile ya nyenze. Aliikata mlangoni. Dawati moja la wasichana likasema nyenze apewe, lakini aje awaimbie sisimizi wanapoanika. Mvulana mmoja akasema apewe mara ya kwanza bure, mara ya pili achambue makonyo. Wakabishana kama kuimba ni kazi. Kisha mtoto aliyekuwa kimya kwa kipindi kizima akanyanyua mkono akauliza: "Na wakija nyenze mia, jee?" Kengele ikalia. Kijana wetu alitujia na andalio lake mkononi, sehemu ya hitimisho ikiwa tupu, akitaka kujua aandike nini. Tulimwambia aandike swali la mtoto yule, na kesho yake aanzie hapo.